Chupa Kumi na Mbili, Sufuria Moja

Kefule! Neno hilo la kinyaa lilimtoka Mize siku ya kwanza alipoingizwa ndani ya Nyumba, kabla hata hajaambiwa akae, na likamtoka tena na tena mpaka likawa kama salamu yake. Nyumba yenyewe ilikuwa nyeupe. Si weupe wa maziwa wala wa kanzu ya Ijumaa. Weupe wa kuchukiza, wa mahali paliposuguliwa haraka baada ya jambo fulani kutokea. Kwa juu ilinuka dawa ya kusafishia, na chini ya harufu hiyo, ukivuta pumzi vizuri, kulikuwa na matapishi. Matapishi ya nani, hakuna aliyeuliza. Waliokuja kabla yao walikuwa wameondoka bila kuacha hata kandambili, na Mize alikaa kwenye benchi amejiziba pua kwa ncha ya kanga, akijiuliza kama walitoka pale kwa miguu yao.

Alikuja kwa sababu ya Ganzi. Katika nchi ile, ambayo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kulisahau jina lake, Ganzi ilianzia vidoleni mwa miguu na kupanda. Haikuuma, na huko kutouma ndiko kulikokuwa balaa. Mtu alijikwaa, kucha ikang'oka, damu ikamwagika njia nzima, na yeye kashughulika kukusimulia harusi ya binamu yake. Ikifika magotini, anatambaa. Ikifika mbavuni, anazisikia pumzi zake mwenyewe kama anayemsikiliza jirani akikoroma nyuma ya ukuta. Ikifika moyoni, basi tena. Mize ilikuwa imemfika kwenye vifundo vya miguu tu. Mumewe, Vuai, ilimfika kiunoni, na hilo ndilo lililowaleta. Miguu isiyosikia Mize angeiburuta mpaka kaburini bila kulalamika. Lakini kuamka siku moja Vuai hayupo, hilo alilikataa, na alilikataa kwa sauti, mbele za watu, bila haya.

Mlangoni walivuliwa majina. Jina liliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa kabatini, na mwenye jina akafungwa utepe mkononi. Mize akawa Sifuri Saba Moja. Vuai akawa Sifuri Saba Mbili. Wakati mwingine iliitwa Sifuri Saba Moja, Vuai akaitika kwa mazoea ya kuitikia kila linalomhusu mkewe, akatolewa damu yake na ya mkewe pia, na hakuna aliyeona kosa, kwa sababu damu ilikuwa imejaa kwenye vichupa vyote viwili kama ilivyotakiwa. Baada ya muda hata wao wenyewe walichanganyikiwa. Mize aliota ndoto za Vuai. Vuai aliamka akitafuta hereni. Na wakati nao ulilegea. Hapakuwa na Jumatatu wala mwezi wa mfungo mosi, palikuwa na Ziara: Ziara ya Kwanza, Ziara ya Pili, na ile ya Tatu iliyokuja kabla ya ya Pili kwa kuwa mwenye kuipanga alikuwa na safari. Kati ya ziara na ziara jua lilisimama palepale dirishani na kusubiri kuruhusiwa. Katika Ziara ya Tatu nywele za Mize zilikuwa nyeupe. Katika ya Pili, iliyofuata, zilikuwa nyeusi tena, na yeye akazipokea hivyohivyo.

Aliyewahudumia aliitwa Mpimaji. Alikuwa kijana mtaratibu, kucha safi, viatu visivyotoa sauti, na Mize alimchukia kwanza kwa huo utaratibu. Mtu mkorofi unajua umshike wapi. Mpimaji aliketi mbele yao, watu kumi na wawili wa Mstari wa Saba, akampa kila mmoja chupa nyeupe, zote sawa, zina kizibo kimoja na uzito mmoja.

"Baadhi ya chupa hizi zina dawa," akasema. "Nyingine zina maji tu. Tumeyatia uchungu ili yasijulikane."

"Yangu ipi?" akauliza Mize.

"Sijui, mama."

"Hujui? Wewe si ndiye unayenipa?"

"Sitakiwi kujua. Nikijua, nitakuona umepona kwa sababu nataka upone. Macho ya binadamu yana upendeleo."

"Na mimi ninayeinywa?"

"Wewe ndiyo kabisa hutakiwi kujua."

"Ala! Basi anajua nani?"

Mpimaji akaelekeza kidole kwenye kisanduku cha chuma kilichokuwa juu ya kabati, kidogo, cha kuweza kutiwa kwapani. "Daftari," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtaja mzazi wake.

Jambo hilo ndilo lililomkaa Mize kooni, nalo halikutoka. Si kwamba hakumwelewa yule kijana. Alimwelewa, tena vizuri. Alijua kwamba mganga akishajua amekupa nini huanza kukusifia rangi ya uso wako, na wewe kwa adabu huanza kupona ili usimvunje moyo, kisha unakufa mkiwa mmeafikiana kwamba hujambo. Kwa hiyo hoja walikuwa nayo. Lakini mama anapompa mtoto uji anajua ni uji. Hata adui anayekutilia sumu anakuheshimu kiasi cha kujua kwamba ni sumu. Hawa je? Anayetoa hajui, anayepokea hajui, na kinachojua ni karatasi zilizo ndani ya chuma, zisizo na kiu, zisizo na kiuno, zisizoweza kufa ganzi. Ujuzi wote wa uhai wa Vuai umekwenda kukaa mahali pasipo na mtu. Ni nani aliyeamua kwamba hapo ndipo pasafi? Sijui. Anayenipa hajui. Nanywa. Nanywa nini? Nanywa kutojua, kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akizungumza na nafsi yake, huku ameishika chupa mbali na mwili wake, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

Walitia saini. Kulikuwa na karatasi ya ridhaa yenye kurasa kumi na nne, na Mpimaji aliwasomea zote bila kuruka hata nukta, na kila mwisho wa ukurasa aliuliza kama wana swali. Vuai alisema hana swali, ana kiuno. Watu wakacheka. Mize hakucheka, alitia kidole gumba kwenye wino na akakifuta kwenye ukuta ule mweupe makusudi.

Kisha mateso yakaanza. Uchungu wa chupa zile haukuwa wa mwarobaini ambao mtu anaujua na kuuvumilia. Ulikuwa uchungu wenye utamu ndani yake, utelezi, unaoshika kaakaa na kukataa kuteremka. Walitapika. Waliokunywa dawa walitapika na waliokunywa maji walitapika, na kila mmoja alikuwa na beseni lenye namba yake, na haikuruhusiwa kumwaga. Beseni lilibaki pembeni ya mkeka mpaka lije kupimwa, linatoa povu, linapata ngozi juu. Mpimaji alipita na kalamu.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Rangi?"

"Njoo uone mwenyewe, mwanangu," akasema Bi Kazija, mjane mnene wa mkeka wa mwisho, aliyekuja na sufuria yake kubwa ya shughuli kwa kuwa hakuwahi kulala nyumba yoyote bila sufuria hiyo. "Na choo nimekuwekea. Marehemu mume wangu miaka ishirini hakuniuliza nimeamkaje. Huyu ananiuliza choo changu kizito au chepesi. Jamani, kama haya si mapenzi ni nini?"

Mstari mzima ukaangua kicheko, na Mpimaji akacheka pia, akaandika: chepesi. Mize aligeuza uso. Lililomtia kinyaa halikuwa choo cha Bi Kazija. Ni namna kalamu ilivyokuwa ikipita juu ya watu bila kuchafuka.

Lakini kulikuwa na amri moja ambayo iliwatia wote kinyaa zaidi, hata waliokuwa wameizoea Nyumba. Iliwabidi kunywa wakiwa wameelekea ukutani, kila mtu na ukuta wake, wasitazamane nyuso. Nao walikuwa watu wa sinia. Kwao, mtu anayekula ameugeukia ukuta alikuwa mchawi au mwizi, na mtoto aliyefanya hivyo alichapwa kabla hajameza. Chakula cha Nyumba chenyewe kililetwa katika sahani kumi na mbili zenye namba, na mara tu Mpimaji akishageuka, sahani zote zilimiminwa kwenye sinia moja na mikono kumi na miwili ikaingia. Hilo walilifanya bila kulijadili. Sasa Mize alimtazama Vuai, mwanamume aliyekuwa hawezi kumenya hata chungwa bila kumpa mtu nusu, akiwa amekaa kauelekea ukuta, mgongo umekunjamana, anakunywa kwa siri kitu asichokijua, na koo lake linapanda na kushuka.

"Geuka!" akamwambia. "Geuka, Vuai, unatia aibu!"

"Ndiyo amri, mke wangu."

"Amri ya kutufanya wachawi? Tunakula sinia moja, kwa nini tunakunywa chupa kumi na mbili?"

Kisha Bi Kazija akaivuta sufuria yake mpaka katikati ya mikeka, halafu akasita, ameikumbatia chupa yake kifuani.

"Na kama yangu ndiyo dawa? Niitoe nipewe maji ya mtu?"

"Na kama yako ndiyo maji, Bi Kazija?"

Bi Kazija akaitazama chupa. Akaitikisa, akaisikiliza. "Haya, mwana kulaaniwa wewe," akasema, akaifungua na kuimimina. Wakamimina wote. Kama wangekuwa wanajua, angalau sita kati yao wangeng'ang'ania chupa zao na kugombana. Kule kutojua walikopewa na Nyumba ndiko kulikowafanya wawe wakarimu. Walikoroga kwa kata ya kifuu, kata ikazunguka kwa mkono wa kulia, mkubwa kwanza na mgonjwa zaidi kwanza, na walipokunywa walitazamana nyuso na kukunja midomo kwa pamoja. Ilikuwa mbaya vilevile. Lakini siku ile hakuna aliyetapika.

Na Ganzi ikasimama. Haikurudi chini, tusidanganyane; ilisimama pale ilipokuwa, ikasita kama mgeni aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Ya Vuai iligota chini kidogo ya mbavu. Kila asubuhi Mize alipitisha ukucha ubavuni mwa mumewe, akikwaruza taratibu kutoka juu kuteremka, na Vuai alisema, "Nasikia, nasikia, nasikia, basi," na hiyo basi ilikuwa mahali palepale pa jana. Habari kama hiyo haikai. Kufikia Ziara ya Nne mistari yote tisa ilikuwa na sufuria yake. Na Mpimaji alipopita na karatasi, akiuliza kama kila mtu alikunywa dawa yake yote, kwa wakati, peke yake, watu mia moja na wanane walijibu ndiyo, kwa macho makavu, na kupewa biskuti.

Ziara ya Saba ndiyo ilikuja na habari. Mpimaji alisimama mbele yao, na kwa mara ya kwanza viatu vyake vilisikika.

"Jaribio limefika mwisho," akasema. "Tumewapima waliopewa dawa na waliopewa maji. Hakuna tofauti. Tunawashukuru sana. Dawa hii haifai kitu, na kwa mchango wenu hakuna mgonjwa mwingine atakayesumbuliwa nayo."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa alipiga yeye kwanza. Nyuma ya Nyumba palichimbwa shimo, na chupa zilizobaki zikaletwa kwa mikokoteni, zikavunjwa, zikamwagwa. Kile kioevu kilikuwa cheupe, kizito, kikafanya dimbwi, na nzi waliotua juu yake hawakuondoka. Mize alisimama ukingoni mwa shimo amejikunyata. Wengine walikuwa wakifunga mizigo na kuagana. Yeye alikuwa akihesabu, si chupa, akihesabu hatua, kutoka siku aliyosema geuka mpaka dimbwi hili. Kila mtu amepata nusu. Kila mtu amesimama nusu. Wao wametazama nusu hii na nusu ile na kuona ni sawa. Na ni nani aliyezifanya sawa? Ni mimi. Ni huu mdomo. Dawa ilikuwa dawa, tukaiponza kwa ukarimu. Alitapika pale pale, juu ya viatu vyake, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na beseni.

Akaenda kwa Mpimaji mbio, akipiga sakafu kwa nyayo asizozisikia. Alimkuta anapanga karatasi. Akamweleza yote: sinia, ukuta, sufuria, kata, mistari tisa. Alisema dawa inafanya kazi, mwite mkubwa wako, wafukue shimo, wampe Vuai chupa nzima, chupa yake mwenyewe, atainywa ameelekea ukuta, atainywa ameelekea popote mtakapo. Alilia. Alishika upindo wa koti lile jeupe.

Mpimaji hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Mize. Alivuta karatasi za Ziara, akazipekua.

"Hapa umesema ndiyo. Na hapa. Na hapa. Kila mara."

"Nilidanganya."

"Hatuna mahali pa kuandika hilo, mama," akasema, na kweli alionekana kusikitika. Alitazama mlango, akainuka, akateremsha kile kisanduku cha chuma, akakifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni. "Jaribio limekwisha, kwa hiyo naruhusiwa." Kidole chake kisafi kilishuka kwenye safu na kusimama. "Sifuri Saba Moja. Wewe ulipewa dawa. Sifuri Saba Mbili, maji."

Mize akakishika kisanduku kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo bila ile sufuria," akasema Mpimaji taratibu, kama anayeongea na nafsi yake, "wewe ungepona kabisa. Na yeye angekuwa amekwisha kufa tangu Ziara ya Tano. Hii ni habari muhimu sana." Macho yake yaling'aa, na Mize akaona kwamba kijana yule alikuwa na furaha, furaha safi, isiyomtakia mtu mabaya. "Tutaanza upya. Safari hii tutatafuta watu wanaokula peke yao. Nyinyi wote mmeshachafuka, lakini wewe naweza kukuombea. Ganzi yako iko chini. Utapewa chumba chako, na chupa yako nzima."

"Na Vuai?"

"Ikishakaribia mbavu, mtu hahesabiwi tena kuwa mshiriki."

Mize alimtemea mate. Yalimpata shavuni, yakateremka mpaka kwenye kola. Mpimaji hakurudi nyuma. Alichukua pamba, akayafuta kwa uangalifu, akaitia pamba ndani ya kichupa, akaandika namba. "Ahsante," akasema. "Chumba kitakusubiri mpaka Ziara ijayo."

Nje jua lilikuwa limeruhusiwa kusogea. Vuai alikuwa ameegemezwa kwenye mzigo wao, Bi Kazija kando yake amekalia sufuria. Mize aliinama, akapitisha ukucha ubavuni mwa mumewe.

"Nasikia, nasikia, basi," akasema Vuai. Hiyo basi ilikuwa juu kuliko ya asubuhi. Wote wawili walijua, na hakuna aliyeitaja. "Wamesemaje huko?"

"Wamelifungua Daftari."

"Usiniambie! Umeona namba zetu? Mimi nilipewa nini?"

Mize alimtazama. Akisema kweli, Vuai ataijua ile nusu iliyomweka hai imetoka wapi. Ataiona miguu ya mkewe na kuiita deni. Atatambaa mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mpimaji, akiburuta kiuno chake, kumwomba Mize apokewe, na akisikia kuna chumba kinasubiri hatampa usingizi mpaka aingie ndani yake na kuugeukia ukuta. Alimjua mume wake.

"Wewe ulipewa dawa," akasema. "Mimi maji."

Vuai akacheka, kicheko ambacho Mize hakukisikia tangu walipovuliwa majina, cha mtu mzima aliyeshinda bao.

"Bi Kazija, umesikia? Ni mimi! Huyu kasimama kwa miguu yake kwa ajili yangu, siku zote hizi namnywesha mimi!" Alimshika Mize mkono, akauminya. "Kumbe nilikuwa na faida, mke wangu. Mimi nikijiona mzigo. Yangu ndiyo dawa kweli? Uliiona kwa macho yako?"

Bi Kazija alimtazama Mize usoni, kisha akainuka, akaigeuza sufuria na kuanza kukwangua ukoko ambao haukuwapo ndani yake. Kichefuchefu kilimpanda Mize kifuani, akakimeza, na kilikuwa na ladha ya chupa. Alikuwa amempa mtu kitu akinywe bila kumwambia ni nini, na mtu mwenyewe ndiye anayempenda kuliko wote.

"Niapie," akasema Vuai, uso umemng'aa, damu imemrudi mashavuni. "Sema wallahi."

"Wallahi," akasema Mize, na palepale, mbele ya macho yake, akamwona anapata nafuu.